Pushapu 36 za afande, 31 za simu

Kisa hiki kinahusu chuo kidogo cha kufunza walinzi mashariki mwa Uganda, kilichojaribu kuhesabu mazoezi ya makuruta kwa vihisi vya simu. Jina la chuo, mji, mwaka na chochote cha kumtambulisha mtu nimekiondoa. Fizikia na tabia za simu ziko vile vile zilivyo, na ndizo zenye faida kwa anayefikiria kujaribu jambo kama hili.

Mazingira

Mji wenyewe uko karibu na mpaka wa Kenya. Makuruta ni Wasamia, Wateso, Wagisu, Wasoga, na wachache waliotoka West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi. Wakufunzi wawili ni wanajeshi wastaafu, na kwa kuwa lugha ya amri jeshini ni Kiswahili, uwanja mzima huendeshwa kwa Kiswahili, hata kuruta ambaye nyumbani kwake hakizungumzwi hukizoea ndani ya wiki chache.

Mafunzo huisha kwa mtihani wa mwili: pushapu dakika mbili, sitapu dakika mbili, kisha kuchuchumaa na kusimama. Anayefanya vizuri hupangwa kulinda benki au ghala kubwa, anayebabaisha hupelekwa kukaa getini usiku kwa mshahara mdogo. Namba ya pushapu, kwa hiyo, ina pesa ndani yake, na penye pesa hapakosi maneno. Lawama zilikuwa zile zile kila muhula: ukihesabiwa na afande wa kwanza unapita, ukiangukia kwa wa pili umekwisha. Wengine walisema wazi kwamba ni ukabila.

Meneja akamwita kijana mmoja wa mjini, fundi simu mwenye diploma ya kompyuta, anayeandika programu ndogo za Android jioni akishafunga kibanda. Kijana akaja na wazo lake na sentensi moja: "Afande, simu haina kabila."

Afande wa pili akamjibu, "Haina kabila, sawa. Na macho je?"

Maswali mengi ya kisa hiki yalikuwa tayari ndani ya jibu hilo.

Kwa nini vihisi, si kamera

Njia ya kamera ipo. Programu za kutambua viungo vya mwili kwenye picha zimekuwa zikifanya kazi ndani ya simu kwa miaka kadhaa sasa, na Google imetoa yake bure. Kijana aliifikiria akaiacha. Kamera inataka simu isimame mahali pake, mbele ya mtu mmoja, kwenye mwanga mzuri. Chuo kina uwanja wa vumbi, makuruta wanaopiga mazoezi kwa safu, na simu za bei ya chini ambazo prosesa yake hupata moto ndani ya dakika chache za kazi ya picha. Na simu ya kamera haifai ikiwa imefungwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), ilhali bila kaveera jasho na vumbi huimaliza.

Vihisi vya mwendo havidai mengi hayo. Akselerometa, inayopima mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), iko karibu katika kila simu janja. iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa nayo. Jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka, ilifika kwenye iPhone 4 mwaka 2010, lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki hadi leo hazina. Kijana alizikagua simu za makuruta, akakuta nyingi hazina jairoskopu, na baadhi ya makuruta wana katochi tu, simu ndogo ya vitufe. Akaamua kutegemea akselerometa peke yake, na chuo kikanunua simu chache za mtumba za kuazimana.

Ni vizuri kuelewa kihisi hiki kinasoma nini. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachoning'inia kama kwenye springi, na simu husoma jinsi kilivyosogea. Simu ikilala mezani haisomi sifuri, husoma karibu 9.8, yaani mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Ukiiinamisha, hiyo 9.8 hugawanyika kati ya mihimili mitatu ya simu: wa urefu, wa upana na wa unene. Ndiyo kusema kihisi kinajua vizuri simu imeinama vipi, na hakijui kabisa iko wapi.

Meneja, kama wengi, aliuliza kwa nini wasipime moja kwa moja kifua kimeshuka sentimita ngapi. Kwenye karatasi inawezekana: ukijua mchapuko unatafuta kasi, kutoka kasi unapata umbali. Lakini kosa dogo la 0.05 tu katika usomaji, ukilikokotoa mara mbili hivyo, baada ya sekunde kumi limekuwa mita mbili na nusu. Kuruta angeonekana amezama ardhini. Kilichobaki ni kupima pembe.

Simu ikae wapi

Kwa kuchuchumaa jibu lilipatikana siku ile ile: mfuko wa mbele wa suruali. Paja hutoka wima hadi karibu mlalo, simu hugeuka nalo, na mchoro wake ni wazi kiasi kwamba mtoto angehesabu. Sitapu, simu kifuani ndani ya fulana iliyobana, hivyo hivyo. Hapo hakukuwa na hadithi, na sitapoteza muda.

Pushapu ndiyo iliyokuwa kazi.

Walianza na mfuko huo huo. Mwili ukishuka kwa kuegemea vidole vya miguu, kiwiliwili chote huinama nyuzi kama 15 hivi, na simu huliona badiliko hilo bila shida. Hesabu zikatoka vizuri kwa siku kadhaa. Kisha makuruta wakagundua, kama makuruta wa kila mahali, kwamba simu iko pajani na si kifuani: ukidondosha nyonga na kuinyanyua, mabega yako palepale, simu inahesabu. Kuna aliyefikisha idadi ya kuvunja rekodi ya chuo bila kukunja viwiko. Afande wa kwanza alicheka hadi akakaa chini.

Wakajaribu kuilaza simu ardhini, chini ya uso, watumie kile kihisi cha ukaribu kinachozima skrini unapoweka simu sikioni. Hicho huona kitu kikiwa umbali wa sentimita chache tu, kwa hiyo mtu lazima ashuke kwelikweli. Lakini hakijui kama mikono ilinyooka juu, na kichwa kinaweza kuinama kama mjusi wakati kifua kimetulia. Isitoshe, jasho lilikuwa likidondokea kioo.

Mwishowe wakafika kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Simu ikatiwa kwenye kaveera, ikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule ule wanaofungia mizigo kwenye boda, urefu wa simu ukifuata urefu wa mkono. Hapo fizikia inakuwa upande wako. Mikono ikinyooka, mkono wa juu uko wima, na mhimili mrefu wa simu unasoma karibu 9.8 yote. Ukishuka hadi chini, mkono wa juu uko karibu mlalo na mhimili ule ule unasoma karibu sifuri. Tyubu ikiteleza na simu ikazunguka mkono, mhimili mrefu hauathiriki. Mdanganyaji wa nyonga naye hana pa kuponea, maana mkono wake haukunjiki.

Matatizo yaliyofuata, na jinsi yalivyotatuliwa

La kwanza lilichekesha. Programu ilikuwa inatetema kila inapohesabu, ili kuruta ajue imemwona. Mota ya mtetemo huzunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde, na programu ilikuwa inasoma kihisi mara 50 tu kwa sekunde. Ukisoma polepole kitu kinachokwenda mbio, usomaji wako huweza kuchora wimbi la polepole ambalo halipo. Simu ikawa inajitetemesha, inauona mtetemo wake, inahesabu moja nyingine. Mtetemo ukaondolewa, ikawekwa sauti.

La pili lilihusu Android yenyewe. Kwenye baadhi ya simu hesabu ilikuwa inakwama katikati ya zoezi. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyoko nyuma ya pazia hainyweshwi tena data ya akselerometa. Skrini ikizima, kihisi kinanyamaza. Njia ya kawaida ni kuifanya programu iendeshe huduma yenye taarifa ya kudumu juu ya skrini. Kijana alichagua kuiacha skrini ikiwaka, akakuta jasho na kaveera vinabofya kitufe cha "Maliza" vyenyewe. Kitufe kikahamishiwa kwenye vibonyezo vya sauti vya pembeni.

La tatu ni mikono iliyochoka. Mkono uliochoka hutetemeka, na ukitetemeka karibu na mstari wa kuhesabia, unauvuka huku na huku, kila mvuko unakuwa pushapu. Dawa yake ni mistari miwili: usomaji ushuke chini ya 2.5 kwanza, kisha upande juu ya 9, ndipo moja ihesabiwe. Wakaongeza na chujio la kulainisha usomaji, kwa kuwa kutetemeka kwa misuli ni mara nane hadi kumi na mbili kwa sekunde ilhali pushapu ni mara moja kwa sekunde moja au mbili.

Chujio lina gharama. Pushapu za haraka hulainishwa pamoja na mtetemeko, kilele kinapunguzwa na hakifiki mstarini. Tena mwendo wa haraka una mchapuko wake: simu ikipanda na kushuka sentimita 20 mara moja kwa sekunde, mchapuko huo hukaribia 4, na kihisi hakiwezi kuutenga na mvutano wa dunia. Ukipunguza mwendo kwa nusu, unabaki robo, kama 1. Chuo kikaamua kuweka mdundo: sauti ya afande wa kwanza ilirekodiwa ikisema "Chini! Juu!", pushapu moja kila sekunde mbili. Uamuzi huu ulibadilisha mtihani wenyewe. Zamani aliyekuwa na kasi ndiye aliyeshinda. Sasa hakuna anayezidi 60 kwa dakika mbili, na ushindi ni wa anayevumilia. Meneja alikubali kwa sababu mlinzi anahitaji uvumilivu kuliko kasi. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa kuna makuruta waliojifua kwa mtihani wa zamani na hawakufurahi.

La nne ndilo lililotuingiza kwenye kiini. Afande wa pili, yule wa macho, aliona kwamba simu inawapitisha watu wasionyoosha viwiko juu. Alikuwa na haki, na sababu iko kwenye hesabu. Karibu na wima, mhimili mrefu ni mvivu: ukiinamisha mkono nyuzi 10, usomaji unatoka 9.8 hadi 9.65 tu. Kwa mstari wa 9, mkono wa juu unaweza kubaki umeinama zaidi ya nyuzi 20 na simu ikaridhika. Chini, kwenye mlalo, nyuzi hizo hizo 10 hubadilisha usomaji kwa 1.7, ndiyo maana kina hakikuwahi kusumbua. Kijana akaiacha chini kama ilivyo, na kwa upande wa juu akatumia ile mihimili miwili mingine. Ukiiunganisha kwa kanuni ya Pythagoras, jumla yao ni sifuri mkono ukiwa wima, na nyuzi 10 tu huipandisha hadi 1.7. Akaweka mstari kwenye 2.5, yaani nyuzi 15 kutoka wima.

Siku ya mtihani

Simu na wakufunzi walihesabu pamoja, kila mmoja na karatasi yake. Nusu ya kwanza ya zoezi walikwenda sambamba. Kuanzia pale miili ilipochoka, wakaachana. Kuruta mmoja mrefu alipewa 36 na afande wa kwanza; simu ikasema 31. Zile tano zote zilikuwa za mwisho, mikono haikunyooka.

"Nimezipiga, afande. Mbele ya macho yako."

"Nimeziona, kijana."

Afande wa pili aliyekuwa pembeni akasema yeye angempa 30.

Kulikuwa na makuruta wengine waliokataliwa tangu mwanzo, si kwa uchovu, kwa kuweka viganja mbali na mabega. Mkono wa sentimita 60, kiganja kikiwekwa sentimita 25 nje ya bega, huinama karibu nyuzi 25 hata kiwiko kikiwa kimenyooka kabisa. Simu husoma 4.1 pale inapotaka 2.5, na hairidhiki.

Kisha akaja kuruta wa kike ambaye simu ilimpa sifuri. Aliinuka, akatikisa mkono, akajaribu tena: sifuri. Afande wa kwanza akamshika kiwiko, akakinyoosha taratibu, kikagoma njiani. Alivunjika utotoni na mfupa haukuunga vizuri. Kwa wiki zote za mafunzo alikuwa amepiga pushapu na wenzake na hakuna aliyemkatalia hata moja.

Waliamua nini

Siku hiyo matokeo ya simu yaliwekwa kando na karatasi za wakufunzi zikatumika. Jioni meneja aliwaomba maafande wote wawili waandike, kila mmoja peke yake, pushapu kamili ni ipi. Wa kwanza aliandika: kifua kiguse ngumi iliyowekwa ardhini. Juu hakutaja kitu. Wa pili: viwiko vikunjwe nyuzi 90, kisha vinyooke kabisa. Walikuwa wamefundisha bega kwa bega kwa miaka, wakihesabu zoezi mbili tofauti kwa jina moja.

Wakakaa na kuafikiana kanuni moja: viganja chini ya mabega, kina cha nyuzi 90, viwiko vinyooke. Kwa mwenye ulemavu wa kiungo, wakufunzi wote wawili humwona kabla ya mtihani, simu husomewa mwisho wa mkono wake mwenyewe, na kibali kinaandikwa. Kibali hicho hakitolewi na kuruta kujipimia mwenyewe. Hilo lilikuwa limeshajaribiwa mapema: kila mtu alionyesha simu "chini yake" na "juu yake" kabla ya kuanza, wajanja wakaionyesha nusu pushapu, simu ikawahesabia nusu pushapu kwa uaminifu mkubwa.

Meneja alitaka kwenda mbali zaidi, programu ibaki kwenye simu za walinzi lindoni ili ijulikane nani amelala. Kijana alikataa. Alitaja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019, inayotaka mtu aridhie kwanza taarifa zake kukusanywa, na taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zisigeuzwe za kazi nyingine. Kuruta aliyekubali kuhesabiwa pushapu hajakubali kuchungwa usiku. Data ghafi inafutwa baada ya rufaa kwisha. Inayobaki ni namba.

Tathmini

Kuchagua mkono wa juu ndiko kulikobeba mradi wote. Marekebisho mengine ya msimbo yalikuwa ya kawaida, mtu yeyote mwenye subira angeyafikia. Simu hupima mwelekeo wake yenyewe. Kazi ya mbunifu ni kuifunga mahali ambapo mwelekeo wake na kanuni ya zoezi ni kitu kimoja. Mfukoni havikuwa kitu kimoja, na makuruta walilijua hilo kabla ya kijana.

Mdundo wa sauti ulisaidia kuliko ilivyotarajiwa. Uliondoa tatizo la kasi na la chujio kwa mpigo mmoja, bila jairoskopu.

Kilichoshindwa ni mpangilio. Mistari ya kuhesabia iliandikwa kwenye msimbo na kijana aliyekuwa akiwatazama watu wepesi wakifanya mazoezi asubuhi, wakiwa na nguvu. Namba hizo zilikuwa ni hukumu ya nani amefaulu, na aliziweka peke yake kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni hukumu. Majaribio hayakuwa na mtu aliyechoka hoi, hayakuwa na mwenye mabega mapana, wala mwenye kiwiko kibovu. Programu ilipimwa mahali ambapo afande na simu wasingegombana kamwe, ikapelekwa mahali ambapo ugomvi ndio kazi.

Kuhusu ukabila, sitasema haukuwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba makundi yaligawiwa kwa kufuata bweni, mabweni yalikuwa na makabila yake, na kila afande alikuwa na bweni lake la siku zote. Kanuni mbili tofauti, zikipita kwenye mgawanyo huo, zingetoa malalamiko yale yale hata kwa wakufunzi waadilifu. Sasa mabweni yanachanganywa siku ya mtihani, hatua ambayo haikuhitaji simu hata moja.

Kwa sasa simu hutumika kwenye mazoezi ya kila wiki, na kuruta huiona namba yake mwenyewe. Kwenye mtihani afande ndiye anayehesabu. Simu hufunguliwa pale tu panapokuwa na rufaa, na wakufunzi huutazama mchoro wa ile pushapu inayogombaniwa.

Kwa anayetaka kujaribu

Rekodi usomaji ghafi kabla ya kuandika mstari wowote wa kuhesabu, pamoja na video ya mtu huyo huyo akifanya zoezi hadi ashindwe kabisa. Hifadhi muda wa kila usomaji kama kihisi kinavyoutoa, usihesabu idadi ya masomo ukadhani ni sekunde, kwa kuwa simu za bei ya chini husoma kwa vipindi visivyolingana. Jaribu mkono wa kushoto na wa kulia. Beba tyubu ya akiba. Ile ya kwanza hulegea ndani ya wiki, na simu ikianza kuning'inia kwenye kiwiko, utasaka hitilafu kwenye msimbo siku nzima bila kuiona.